Bahari ya Kwa Mwanahawa

Fuso la karoti lilikuwa limeshatoka kituo cha mafuta na kushika barabara ya Dar es Salaam wakati Mwanahawa alipotokea anakimbia, khanga moja kiunoni, nyingine mkononi, anapiga kelele za mwizi. Mwizi mwenyewe alikuwa mume wake. Luqmani alikaa juu kabisa ya magunia ya karoti kama sultani aliyepinduliwa, amezungukwa na dumu zote za manjano za mgahawa wa mkewe.

"Luqmani! Shusha dumu zangu! Supu ya kesho niipikie mate?"

"Nitazirudisha zimejaa!"

"Zimejaa nini?"

"Bahari!"

Dereva, Lukasi wa Mgeta, mtu wa kwaya asiyependa ugomvi wa ndoa za watu, alikanyaga mafuta. Karoti mbili tatu zikadondoka barabarani. Mwanahawa akaziokota, maana hasira ni hasira na karoti ni karoti.

Alipogeuka, akamkuta Raya amesimama mlangoni pa biashara yake ya mkaa jirani hapo, meno yote nje. Raya alikuwa Mzigua wa Turiani, na Wazigua na Waluguru ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumcheka Mluguru yeyote kwa shida yoyote, hata msibani.

"Mtumwa wangu, mumeo kakimbia na dumu? Wenzio waume zao wanakimbia na wanawake."

"Bora angekimbia na mwanamke. Mwanamke ningempokea, angenisaidia kuchota maji."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nyumba ile ya Mji Mpya, pamoja na frem ya mbele yenye mgahawa, haikuwa ya Luqmani hata tofali moja. Ilikuwa ya ukoo wa mkewe. Kwa Waluguru ukoo unafuata mama, na mama akishafariki sauti ya ukoo ni mjomba. Luqmani, mtu wa kutoka Kisaki, alikuwa anakaa kwa mkewe, na mtu anayekaa kwa mkewe hakosi kukumbushwa. Sasa Mjomba Abdulswamad alikuwa ametuma salamu kutoka Kinole kwamba atashuka kwa kikao. Nasra, mdogo wake Mwanahawa, alikuwa anaitaka frem aweke uwakala wa pesa za simu. Hoja yake ilikuwa moja tu: mgahawa hauna wateja. Na kweli haukuwa nao. Mgahawa wa ng'ambo ya barabara ulikuwa umefunga televisheni pana kama mlango wa msikiti, na wanaume wa Mji Mpya siku hizi walikula chapati ngumu kule ili mradi waone mpira.

Luqmani naye alikuwa na dawa. Aliwahi kupaka rangi kwa daktari mmoja wa meno huko Dar, na pale mapokezi kulikuwa na sanduku la kioo lenye bahari ndani: mawe yenye uhai, vitu laini vinavyopepea, na samaki wadogo wanaozunguka kama wana ahadi na mtu.

"Mwanahawa, watu walikuwa wanakuja mashavu yamevimba, wakiangalia lile sanduku wanasahau maumivu. Mtu na jino lake bovu anasahau!"

"Mimi sitaki mteja asahau njaa, Luqmani. Nauza chakula."

Lakini Luqmani alishauza baiskeli yake. Mazungumzo mengine yalikuwa ya kupamba tu.

---

Alirudi na gari lilelile, limepakia magunia matupu, yeye amebabuka pua, dumu zimejaa. Ndani ya beseni lililofunikwa kwa gunia bichi kulikuwa na mawe ya baharini yenye vitundu vitundu, kaa wadogo wanaotembea na makombe yao mgongoni, na kitu kimoja laini chenye vidole, rangi ya maziwa yaliyoganda. Ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa hewa kulikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kila mmoja mkubwa kama ganda la karanga.

"Hicho chenye vidole ni mmea?" Mwanahawa aliuliza.

"Ni mnyama."

"Kinakula?"

"Kinakula mwanga."

"Afadhali yake. Kuna watu humu ndani wanakula ugali na hawana kazi."

Sanduku lilitengenezwa na Tomasi, fundi wa madirisha ya aluminiamu, kwa vipande vya vioo vilivyobaki kwenye kazi za watu. Upande mmoja ulikuwa na maandishi ya kijani yaliyofutika nusu, ya duka la dawa, kwa hiyo ukitazama bahari kutoka kushoto uliona samaki wanapita chini ya neno DAWA. Walipojaza maji mara ya kwanza, bahari ilitiririka mpaka jikoni. Tomasi akaongeza gundi. Mara ya pili ilitiririka mpaka mlangoni tu. Mara ya tatu ikatulia, na Tomasi akasema alijua tangu mwanzo.

Kujua kama chumvi inatosha kuna vifaa vyake, lakini vifaa vina bei. Luqmani alitumia yai. Yai la kuku wa kienyeji likielea, chumvi ipo. Yai lilielea. Kijipampu cha hewa cha Kichina kikaanza kuguguna, taa ndogo ya bluu ikawashwa, na ule mgahawa uliokuwa unanuka vitunguu na moshi ukapata kona moja ambayo hata Mwanahawa, akidhani hakuna anayemtazama, aliiinamia akitabasamu.

Kulikuwa na tatizo moja. Mvuvi wa Kunduchi aliyemuuzia alikuwa amemwambia wazi: "Mzee, haya maji yaweke na mawe tu kwanza. Mwezi, mwezi na nusu, yakomae. Ndiyo uje uchukue samaki. Ukiwatia sasa hivi, mkojo wao wenyewe utawaua."

"Mwezi ujao sina frem," Luqmani alimjibu.

"Basi kila baada ya siku chache uwabadilishie maji kidogo. Tena haya haya ya bahari. Usije ukaweka ya bomba."

Ndiyo maana dumu mbili za mwisho zilifungwa vizuri na kuwekwa ukumbini, kila moja imevalishwa kitambaa chekundu. Ukitaka kumtia Luqmani wazimu, gusa zile dumu.

---

Wateja walikuja. Hilo lazima lisemwe. Siku ya kwanza walikuja wengi hata Tomasi akakosa pa kukaa, na yeye ndiye fundi. Walikuja waendesha bodaboda, wakaja wanafunzi wa Kilakala waliotumwa sokoni, wakaja kina mama wa mchicha kutoka mlimani na matenga yao kichwani, wakasimama mdomo wazi.

Mteja mmoja, dereva wa bajaji, alikaa, akaagiza chai, akaonyesha kwa kidole.

"Hawa wa kukaanga ni shilingi ngapi?"

"Hawa si wa kuliwa," Luqmani alisema.

"Wa nini sasa?"

"Wa kutazama."

Mtu yule alitafakari. "Basi niletee maharage, nitazame."

Tatizo la watu wa kutazama ni kwamba wanatazama. Kikombe kimoja cha chai kilimkalisha mtu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Na watu wa Morogoro wana roho nzuri. Hawawezi kula mbele ya kiumbe kisichokula. Huyu akadondoshea kipande cha chapati. Yule akasema samaki hawezi kula kikavu, akatia na mchuzi kidogo. Luqmani akaandika kwa chaki ukutani, USILISHE BAHARI, na chini yake mtu akaandika, KWANI IMEFUNGA?

Kufikia Alhamisi maji yalikuwa na ukungu kama uji mwepesi. Kile chenye vidole kilijikunja ngumi. Samaki walipanda juu, wakawa wanahema midomo wazi.

"Wanaimba?" Raya aliuliza, aliyekuja kununua uji.

"Wanakufa," Luqmani alisema, na sauti yake haikuwa na utani hata kidogo, mpaka Raya naye akanyamaza, jambo lisilotokea mara nyingi. "Kesho asubuhi nawabadilishia maji. Dumu mbili zinatosha. Mjomba akija mchana atakuta kioo kimetakata."

---

Mjomba Abdulswamad hakuja mchana. Alikuja asubuhi, kwa pikipiki, vumbi la mlimani limemkaa mpaka kwenye kope. Luqmani alikuwa ametoka kumfuata Tomasi amwazime mpira wa kunyonyea maji. Mwanahawa akapiga goti.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mama. Nipe maji nioge. Leo Ijumaa."

Mgeni mkubwa akifika, jambo la kwanza ni maji ya kuoga, na mtu wa kwanza kulijua hilo ni mgeni mwenyewe. Lakini wiki ile maji ya bomba yalikuwa ya mgao, na zamu ya Mji Mpya ilikuwa haijafika. Mwanahawa alikuwa na nusu ndoo, ya supu. Aliitoa, supu ikasubiri.

Mjomba akaitazama nusu ndoo. Kisha akazitazama dumu mbili zenye vitambaa vyekundu.

"Na zile?"

"Hizo ni za samaki, Mjomba. Maji ya bahari. Tafadhali tusiziguse, mkweo atazimia."

"Ya bahari?" Mjomba aliuliza taratibu sana. "Bahari yenyewe?"

Hapa inabidi ieleweke kwamba mwaka ule haukumwendea vizuri Mjomba Abdulswamad. Karafuu zake zilikauka zikiwa bado changa. Mbuzi wake walianguka bondeni, wawili, siku moja. Akagombea uenyekiti wa kijiji, akapata kura chache kuliko idadi ya wake zake na watoto wake. Mtu yeyote mwenye busara aliyemsikiliza alimwambia neno lilelile: una nuksi, shuka pwani ukaoge bahari. Lakini pwani ni nauli, na Mjomba Abdulswamad na nauli walikuwa hawasalimiani.

"Mama," alisema, "sabuni hii yenu inaniwasha. Nenda dukani uniletee ile ya mchaichai."

Mwanahawa alikwenda. Aliporudi na sabuni, Mjomba alikuwa ameshavaa kanzu, anang'aa, amechangamka kama bwana harusi, na dumu mbili zilikuwa zimelala ubavu nje ya bafu, tupu.

Luqmani aliingia na mpira wa Tomasi begani. Akaziona. Alizisimamisha, moja moja, akavifunga tena vile vitambaa vyekundu, kama mtu anayemfunga maiti kidevu.

---

Kikao kilikaliwa palepale mgahawani baada ya swala, meza zimesogezwa. Mjomba alikaa kwenye kiti chenye mikono. Kulia kwake Mzee Salehe, mkubwa wa ukoo kwa miaka ingawa si kwa madaraka, aliyekuja kwa pikipiki ya pili. Kushoto Nasra, pochi mapajani. Mwanahawa kwenye mkeka. Luqmani, kwa kuwa ni mkwe, aliwekewa kigoda karibu na mlango, mahali wanapopitia kuku. Mkwe haongei mpaka aulizwe.

Mjomba alianza na dua, akajikuna shingo. Akaeleza sababu ya kikao, akajikuna kwapa. Maji ya bahari yakimkaukia mtu bila kusuuzwa yana tabia zake. Nyusi za Mjomba zilikuwa zimeota unga mweupe, na kila alipojikuna unga ulimdondokea kwenye kanzu.

"Mimi sina neno na dada," Nasra alisema. "Lakini tazameni wenyewe. Tunaambiwa hii ni biashara. Watu wazima wanafuga kitoweo, na kitoweo chenyewe hakimshibishi paka."

Wote wakatazama sanduku. Samaki walikuwa wamebaki juu, midomo nje ya maji, mmoja ameanza kulalia upande.

"Mkwe wangu," Mjomba akasema, "mbona wanahema hivi?"

"Maji yamechoka, Mjomba."

"Si ubadilishe?"

Luqmani aliangalia nyusi za Mjomba. Akaangalia miguu yake mwenyewe.

"Ya kubadilishia yamekwisha, Mjomba."

"Yamekwisha vipi?"

"Yamekwisha tu."

Mwanahawa alifungua mdomo. Luqmani akamtikisia kichwa, mara moja, kwa nguvu. Habari za bafuni za mjomba wa mkeo huwezi kuzitoa mbele ya wazee. Ukizitoa, hata kama una haki kama mizani ya dhahabu, nyumba hiyo umeshatoka. Na mwanamke akizitoa kwa niaba yako, umetoka mara mbili.

Mjomba akaona njia ni nyeupe. "Nasikitika sana," alisema, akijikuna. "Mtu asiyeweza kutunza dumu mbili za maji, ndiye tumwachie frem ya ukoo?"

Macho ya Luqmani yalijaa. Alijifanya moshi wa jikoni umemwingia. Kule jikoni moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi.

"Hodi watumwa wangu!"

Raya aliingia na miguu yake ya mkaa bila kusubiri karibu. "Nimekuja kuwahesabu kama mmebaki wote. Naona mko kamili, na mmoja kaungwa chumvi."

"Raya, tuna kikao," Mjomba alisema.

"Najua. Ndiyo nimekuja kushtaki. Kuna mtu kaiba bahari." Akamwendea Mjomba, akampitishia kidole kwenye mkono, akakilamba mbele ya watu wote. "Huyu kakolea. Bado ndimu."

Mzee Salehe alitoa sauti kama ya mlango mbovu. Alikuwa anacheka.

"Nilikuwa juu ya rundo langu la mkaa, napanga magunia," Raya aliendelea. "Naona kule bafuni kichwa cha mtumwa wangu mkubwa kinajimiminia dumu. Kinasema, 'Nuksi tokeni! Nuksi tokeni!' Nikasema maskini, zitoke ziende wapi, na mwenyewe ndiye nuksi?"

"Mzigua wewe! Ulikuwa unanichungulia?"

"Kwani kulikuwa na cha kuchungulia?"

Kofia ya Mzee Salehe ilianguka. Mwanahawa alijifunika khanga uso mzima, mabega yanatikisika. Mjomba alisimama, kidole juu, mishipa ya shingo imetoka, na Mzee Salehe akapata pumzi ya kusema maneno mawili tu: "Mtani huyo."

Mjomba akaketi. Ukimkasirikia mtani unatozwa faini, na hapo ndipo unachekwa vizuri.

"Maji ya bahari ni twahara," alisema kwa heshima aliyobaki nayo. "Nilioga kwa ajili ya Ijumaa."

"Na nuksi ulikuwa unazipa hotuba? Sasa mtani anahukumu. Umewaua watoto wa mkweo kisha unamuuliza wamekufaje. Hakuna kikao cha frem hapa, leo wala kesho, mpaka aliyeoga bahari ya watu airudishe. Dumu mbili, na chumvi yake."

"Yaani mambo ya ukoo yaamuliwe na muuza mkaa?" Nasra alipandisha sauti.

Mzee Salehe hakuwa anacheka tena. "Nasra, kaa. Mama yako walimzika watani. Siku ile hukuuliza wanauza nini." Akamgeukia Mjomba. "Mtani kasema. Utarudisha?"

"Nitarudisha."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

Wazee wakatazamana. Mwanahawa akatazamana na Raya. Hakuna mtu mle ndani, hata Nasra, ambaye hakuwahi kumwazima Mjomba Abdulswamad jembe, na majembe hayo yalikuwa hayajarudi.

---

Watu walipotawanyika, Mwanahawa alikwenda mwenyewe jikoni, bila kuombwa, akarudi na ndoo ya maji ya bomba yaliyokuwa yameanza kutoka, na mfuko wa chumvi ya mezani. Alikoroga, akatia yai. Akaongeza, akakoroga. Luqmani alijua haifai. Alimwacha, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza anamwona akihangaikia wale viumbe, na kwa sababu hakuwa na lingine.

Yai lilielea. Wakabadilisha maji. Kufikia magharibi samaki nao wakaelea.

Walizikwa nyuma ya bafu. Kile chenye vidole kilidumu siku chache zaidi, kikayeyuka. Kaa wa makombeni hawakufa, hata kwa chapati, hata kwa mchuzi, hata kwa chumvi ya mezani, na wapo mpaka leo. Luqmani alipata maji mengine kwa mkono wa Lukasi, mara hii kwa dumu zake mwenyewe, akayaacha na mawe yakomae. Yamekomaa. Samaki bado hajanunua, anasema anajipanga. Anapaka rangi nyumba za watu Kihonda.

Nasra alipata chumba karibu na stendi, anafanya uwakala, anaendelea vizuri. Hanywi supu kwa dada yake. Tomasi anatangaza kwamba anatengeneza bahari za saizi zote, hajapata oda. Mzee Salehe alifariki wakati wa masika, na watani wakamzika, Raya akiongoza matusi. Mjomba Abdulswamad yuko Kinole. Karafuu hazikupona. Akituma salamu huuliza hali ya kila mtu mpaka kuku, isipokuwa habari ya frem.

Wateja wa ng'ambo wengine walirudi. Wanakuja kunywa supu na kumsikiliza Raya akieleza alichokiona juu ya rundo la mkaa, na kila mwezi anaona zaidi.

Bahari haijarudishwa. Kikao hakijaitishwa. Mwanahawa anapika.